Kununua monita Nairobi: anza na meza yako, mjini uende baadaye

Ukiingia duka la kompyuta pale Moi Avenue na kusema unatafuta monita, utaulizwa kwanza, "Inchi ngapi, boss?" Swali hilo linamfaa muuzaji kuliko mnunuzi. Inchi ni urefu wa kioo kutoka pembe hadi pembe, basi. Hazisemi herufi zitakuwa kali kiasi gani, wala kama kebo uliyo nayo itaingia, wala kama shingo itakuuma ikifika Ijumaa.

Mwongozo huu una mpangilio mwingine: kazi kwanza, kisha meza, kisha matundu ya kompyuta yako ya kuchomeka kebo, ndipo pesa. Niweke msimamo wangu wazi mapema. Kwa mtu anayeshinda akisoma na kuandika, na ambaye hana zaidi ya elfu 15, monita ya ofisi iliyotumika, ya inchi 24, yenye kioo cha IPS (aina ya kioo nitakayoieleza hapa chini) na stendi inayopanda na kushuka, inaishinda monita mpya ya bei rahisi ya inchi 27. Sababu zake zitajitokeza njiani.

Hatua ya kwanza: andika kazi unayoifanya kweli

Jiulize ni kitu gani kinachokaa kwenye skrini yako kwa saa nyingi zaidi. Usiandike ndoto za kuhariri filamu mwakani; andika ya wiki iliyopita.

Kwa wengi wanaofanyia kazi nyumbani hapa jijini, jibu ni herufi. Wapo wanaosikiliza sauti na kuziandika, wanaowaandikia makala wateja wa ng'ambo, wanaopanga hesabu za duka kwenye Excel, wanaoandika programu. Kazi ya herufi inahitaji pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, zilizosongamana vya kutosha, kioo ambacho rangi zake hazigeuki ukisogeza kichwa, na kimo. Kimo ndicho husahaulika. Skrini nyingi za sasa zina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, umbo lililozoeleka kwa filamu. Lakini zipo monita za ofisi zenye 1920 kwa 1200, kama Dell U2412M na HP E242. Pikseli 120 za ziada ni mistari kadhaa ya maandishi usiyolazimika kuisogeza kwa kipanya. Ukiikuta moja ikiwa nzima kwenye duka la ex-UK, yaani la vifaa vilivyotumika kutoka Uingereza, usiipite haraka.

Aina za kioo ni tatu kuu. TN ni ya zamani na rahisi: ukiinuka kidogo kwenye kiti, rangi zinafifia au kugeuka. IPS inashika rangi ukiitazama kutoka pembe yoyote. VA ina weusi uliokolea, kwa kawaida tofauti ya mwanga na giza inafika 3000 kwa 1, ilhali IPS nyingi ziko karibu na 1000 kwa 1. Ni nzuri kwa filamu usiku taa zikiwa zimezimwa, ingawa picha zinazokwenda kasi huacha ukungu sehemu za giza. Kwa herufi, chukua IPS.

Mbunifu wa mabango na nembo ana shida yake: rangi. Kwenye karatasi ya maelezo tafuta sRGB, kile kipimo cha rangi ambacho tovuti na simu nyingi hukitumia, na uombe kioo kinachofikia asilimia 99 au zaidi. Baadhi ya watengenezaji huandika NTSC badala yake. Ukiona 72% NTSC, hiyo inakaribia sRGB nzima. Ukiona 45% NTSC, iache hapo hapo, maana nyekundu yake imepauka na utaiongezea rangi bila sababu hadi bango litoke likiwaka kwa mchapishaji wa River Road. Hata ukiwa na kioo kizuri, wino si mwanga; omba nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa mia tano.

Wachezaji wa gemu nitawapitia haraka. Hertz ni idadi ya mara ambazo picha huchorwa upya kwa sekunde. PlayStation 4 haipiti 60, kwa hiyo monita ya Hertz 144 haitakuongezea chochote kwake. PlayStation 5 inaweza kufika 120 kwa baadhi ya michezo. Kama ni kompyuta, kadi ya picha kwanza, monita baadaye. Na ile "1 ms", kasi ya pikseli kubadilika rangi, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye katoni, mara nyingi imepimwa kwa njia inayompendeza mtengenezaji.

Kama lengo ni mpira wa wikendi kupitia king'amuzi, nunua televisheni. Monita nyingi hazina hata spika.

Hatua ya pili: pima meza

Chukua futi ya fundi cherehani au rula. Skrini inatakiwa iwe mbali na macho kwa urefu wa mkono ulionyooshwa, takriban sentimita 50 hadi 70. Kwenye bedsita, ambapo meza imebanwa kati ya kitanda na ukuta, umbali huo haupatikani kwa urahisi, maana stendi yenyewe inakula sentimita 20 hivi za kina cha meza. Skrini ya umbo la kawaida ya inchi 24 ina upana wa kama sentimita 53, ya 27 ni 60, ya 32 ni 71. Kata katoni kwa vipimo hivyo, isimamishe mezani, ukae mbele yake. Kama unageuza kichwa ili kuona pembe, hiyo ni kubwa mno kwa meza hiyo.

Sasa lile suala la inchi 27. Pikseli 1920 kwa 1080 zikiwekwa kwenye inchi 24 zinatoa pikseli 92 kwa kila inchi. Zile zile ukizitandaza kwenye inchi 27, zinabaki 82. Huko ni kuongeza maji kwenye chai na kuiita chai kubwa: hupati nafasi zaidi ya kazi, hata mstari mmoja, ila herufi zinakuwa nene na zenye kingo za ngazi. Inchi 27 inaanza kuwa na maana ikiwa na pikseli 2560 kwa 1440, ambazo ni 109 kwa inchi. Inchi 22 yenye 1920 kwa 1080 ina 100 hivi, ndiyo maana hiyo ndogo huonekana kali kuliko kaka yake mkubwa.

Jihadhari pia na neno "HD" peke yake. Monita nyingi za inchi 18.5 zina pikseli 1366 kwa 768, na za inchi 20 mara nyingi ni 1600 kwa 900. Muuzaji akisema "ni HD hiyo", mwambie akutajie namba.

Angalia na dirisha. Likiwa nyuma yako, jua la saa tisa litakaa juu ya kioo. Likiwa mbele yako, litakupiga machoni. Dirisha likae ubavuni, na kioo kiwe kisichong'aa.

Hatua ya tatu: geuza kompyuta uyaone matundu

Hapa ndipo watu hurudi mjini mara ya pili, na nauli ya matatu haina huruma. Laptopu nyingi tunazotumia Nairobi ni za ofisi za ng'ambo zilizotumika, na matundu yake ya kutolea picha (HDMI, DisplayPort, VGA, USB-C) hayafanani.

HP EliteBook 840 G3, ambayo ni kama sare ya wanafunzi wa chuo, haina HDMI. Ina DisplayPort na VGA, pamoja na USB-C. Lenovo ThinkPad T450 nayo haina HDMI. Ina VGA na Mini DisplayPort, lile tundu dogo. T460 na T470 zina HDMI. Kwa hiyo usimwambie muuzaji "nipe kebo ya HDMI" kabla hujaangalia ubavu wa mashine.

Upande wa monita nao una vituko vyake. Ile U2412M niliyoisifu haina HDMI: ina VGA, DVI na DisplayPort. Kama laptopu yako ina HDMI tu, kebo ya HDMI kwenda DVI inatosha na itabeba pikseli zote 1920 kwa 1200, ila sauti hutaisikia kwenye monita. Ukiwa na DisplayPort kwenye kompyuta na HDMI kwenye monita, kebo ya kawaida ya bei rahisi inafanya kazi. Kinyume chake hakifanyi. Kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya monita unahitaji kibadilishi chenye saketi ndani yake, mara nyingi chenye waya wa pili wa USB wa kukipa nguvu. Kebo nyingi za njia moja zinauzwa kana kwamba zinakwenda pande zote mbili, na mwenye kibanda huenda hata yeye hajui.

VGA, ile ya skrubu mbili za buluu, iwe kimbilio la mwisho. Inabeba picha kwa mawimbi, na kebo mbovu au ndefu huzaa kivuli pembeni mwa kila herufi. Ikibidi kuitumia, bonyeza kitufe cha kujirekebisha kwenye monita, kile ambacho menyu hukiita "Auto", huku ukurasa wa maandishi ukiwa wazi.

Wenye tamaa ya 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, wasome hapa kwanza. HDMI ya laptopu za Intel za kizazi cha sita na kurudi nyuma kwa kawaida hutoa 4K kwa Hertz 30 tu, na utaona mshale wa kipanya ukiruka ruka. DisplayPort ya zile za kizazi cha sita inaweza kutoa 60. Wenye MacBook Air ya M1 au M2 wajue kwamba kwa kawaida inakubali monita moja tu ya nje, hata ukiunganisha kituo cha matundu kumi.

USB-C ni raha ikikamilika: waya mmoja unabeba picha na kuchaji laptopu. Lakini tundu la umbo hilo si lazima litoe picha. Mengine ni ya data peke yake. Jaribu na mashine yako mwenyewe dukani.

Hatua ya nne: pesa

Bei zinacheza na dola, kwa hiyo zichukue hizi kama dira. Chini ya elfu 10 uko kwenye soko la ex-UK: inchi 22 kwa urahisi, 24 ukibembeleza. Kati ya elfu 15 na 25 unaanza kuona mpya za inchi 22 hadi 24 zenye IPS na udhamini, wakati mwingine Hertz 75 au 100. Ukitaka inchi 27 yenye 2560 kwa 1440, jiandae kwa elfu 30 na kuendelea.

Tofauti kati ya mpya rahisi na ya ofisi iliyotumika ipo kwenye stendi. Mpya rahisi huinama mbele na nyuma tu, basi unaishia kuiweka juu ya vitabu. Ya ofisi inapanda, inashuka, inazunguka, na nyingi zinageuka wima, jambo linalowafaa sana wanaosoma hati ndefu. Ukingo wa juu wa skrini unatakiwa uwe karibu na usawa wa macho yako. Kama stendi haipandi, angalia nyuma kama ina matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba, milimita 100 kwa 100, ili siku moja uifunge kwenye mkono wa mezani.

Usilipie neno "HDR", ile picha yenye mwanga mkali na giza zito zaidi, kwenye monita rahisi. Kioo chenye mwanga wa niti (kipimo cha mwanga wa skrini) 250 au 300 kinaweza kuupokea mtiririko wa HDR bila kuwa na nguvu ya kuuonyesha.

Acha akiba ya kebo. Mia tano hadi elfu moja iwe kando kabla hujaanza kuvutana bei.

Hatua ya tano: mjini, ukiwa na laptopu yako begani

Luthuli Avenue imejaa televisheni na spika. Kompyuta zimejazana zaidi Moi Avenue, Kimathi Street na ghorofa za juu za majengo ya jirani. Tangu Luthuli ifanywe ya njia moja mwaka 2019 na wenye miguu kupewa nafasi, kutembea ni rahisi. Kuegesha gari usikufikirie.

Kijana akikudaka mlangoni na kusema "njoo nikuonyeshe duka la bei poa", ujue malipo yake yatatoka kwenye bei yako. Mshukuru, endelea kutembea.

Ukifika kwenye monita, usiwashe kwanza. Igeuze nyuma usome kibandiko. Kuna namba ya modeli, na nyingi zina mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Namba za Dell zinasomeka zenyewe: katika P2214H, 22 ni inchi na 14 ni mwaka wa modeli, 2014. Herufi ya mwanzo inakupa daraja: U ni ya juu, P ni ya ofisi, E ni ya bei nafuu na nyingi zake ni TN. Lakini usiamini herufi peke yake, maana P2212H ni TN na ndugu yake P2214H ni IPS. Tafuta modeli kwenye simu ukiwa hapo hapo. Muuzaji akisema "hii ni IPS, chukua tu", jibu zuri ni kimya huku ukisoma.

Epuka za kale zinazomulikwa kwa mirija badala ya LED. Ni nene, nzito, hula stima zaidi, na nyeupe yake kwa kawaida imeshakuwa ya manjano.

Kisha jaribu. Nyumbani, tengeneza picha tano kwenye Paint: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu, uzihifadhi kwenye laptopu. Dukani zijaze skrini nzima. Nyeupe itakuonyesha madoa, alama za vidole vilivyobonyeza kioo, na kivuli cha menyu za zamani kilichobaki baada ya miaka ya kazi moja. Nyeusi itakuonyesha mwanga unaovuja kwenye kingo. Zibe taa ya duka kwa mkono au uombe wakuzimie. Rangi tatu zilizobaki ni za kuwinda pikseli zilizokufa. Pikseli moja pembeni unaweza kuivumilia kwa punguzo. Ikiwa katikati, achana nayo, itakutazama kila siku. Hata kwa monita mpya, watengenezaji wengi hawahesabu pikseli moja kuwa kasoro ya kubadilishiwa, hivyo omba ifunguliwe na kuwashwa kabla ya kulipa.

Shusha mwanga wa skrini hadi chini, uilenge kwa kamera ya simu. Mistari minene inayotembea ni dalili kwamba taa ya ndani inawaka na kuzima kwa kasi, na wengine huumwa kichwa nayo. Simama, chuchumaa, enda ubavuni. Fungua ukurasa wa maandishi madogo. Bonyeza vitufe vyote, kwa sababu monita nyingine zilitoka ofisini menyu ikiwa imefungwa. Pandisha stendi uiachie: ikishuka yenyewe, springi imechoka. Na iache iwake robo saa huku mkiongea, kwani kuna zinazoanza kupepesa au kuvuma zikipata joto.

Angalia pia umeme. Zilizotoka Uingereza zinakuja na plagi ya pini tatu kama yetu. Zilizotoka kwingine huenda zikahitaji waya mwingine, jambo dogo, mradi kibandiko kiseme volti 100 hadi 240. Kama monita inatumia adapta ya nje, hakikisha iliyopo ni yake na volti zimelingana na kibandiko, si iliyookotwa kwenye droo.

Sasa ndipo uulize bei ya mwisho.

Hatua ya sita: kulipa, kubeba, kuweka

Lipa kwa till ya duka, na kabla ya kuweka PIN hakikisha jina linalotokea kwenye M-Pesa ni la duka. Risiti iandikwe namba ya modeli, namba ya utambulisho ya kifaa (serial number) na muda wa udhamini. "Six months" ya mdomo haina mahali pa kuipeleka. Kama unafanya biashara na unataka gharama hiyo itambuliwe kwenye kodi, dai ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, kwani tangu Januari 2024 KRA inaitaka hiyo.

Kwenye matatu au boda, kioo kisitazame magoti ya mtu. Kipakatwe kikiwa wima, uso umeelekezwa kwenye ubao au katoni ngumu, stendi imetolewa.

Nyumbani, usiichomeke moja kwa moja ukutani. Tumia kikinga cha mruko wa umeme, kile cha televisheni kinachosubiri kidogo kabla ya kurudisha stima, maana hatari kubwa ni pale stima inaporudi kwa kishindo. Matumizi yenyewe si ya kuogopa: monita ya LED ya inchi 24 hula wati 20 hivi, na kwa saa nane kila siku haifiki uniti tano za tokeni kwa mwezi. Stima zikipotea, laptopu itaendelea na monita itazima. Kama una mikutano ya wateja, UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inayobeba monita na ruta ya intaneti inafaa kuliko inchi tatu za ziada.

Mwisho, ingia kwenye mipangilio ya skrini uhakikishe kompyuta imechagua pikseli halisi za kioo, si 1366 kwa 768 iliyorithi kutoka laptopu. Punguza mwanga hadi karatasi nyeupe iliyo kando ya skrini ilingane nayo. Katoni, kama ulipewa, iweke juu ya kabati hadi udhamini uishe. Maduka mengi hayapokei monita iliyorudishwa ikiwa imefungwa kwa shuka.